Miaka Hamsini ya Ndoa Tusiyoifunga

Jumapili, 12 Januari

Tumepanda meli New Orleans. Lo! Hii si meli, ni mtaa mzima umesimama majini. Una lifti, maduka, ukumbi wa muziki, na bomba la kuteleza juu ya paa. Marehemu mke wangu Nolia, Mungu amrehemu, alikuwa akisali rozari kila nilipopitisha gari juu ya daraja. Hapa angesali nini?

Niandike wazi, maana hakuna atakayesoma. Nimemwomba Earline Fuselier aolewe nami. Yeye mjane, mimi mgane, wote wa Ville Platte, Louisiana, parokia moja. Marehemu mumewe, Curley, alikuwa mwenzangu wa kuwinda bata. Earline hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema kwanza tusafiri pamoja, anione nikiwa na njaa, nikiwa na joto, nikiwa nimepotea njia. Jibu atanipa kabla hatujashuka. Sharti lake moja: vitanda viwili.

Sasa, nilifanya kaujanja kadogo. Dada wa kuuza safari aliniuliza kwenye simu kama tunasherehekea jambo lolote. Nikasema ndiyo, ukumbusho wa ndoa. Akauliza miaka mingapi. Nikasema hamsini. Nilikuwa nimesikia kwamba wenye sherehe hupewa keki, na Earline anapenda keki.

Tumefungua mlango wa chumba. Mungu wangu! Kitanda kimoja, kipana kama trela la mpunga. Juu yake petali za waridi zimepangwa umbo la moyo, na bata maji wawili wa taulo wanabusiana. Dirisha hakuna. Hata pa kugeuzia macho hakuna.

Earline aliwatazama wale bata kwa muda. Kisha akauliza, kwa sauti ya kanisani, kama kuna jambo nililosahau kumwambia. Nikasema watu wa meli hii wana ukarimu wa kupita kiasi.

Jumatatu, 13 Januari

Mhudumu wetu wa chumba anaitwa Wayan, anatoka Bali. Nilimwomba pembeni atutenganishie vitanda. Alinitazama kwa huruma ambayo sijaiona tangu mazishi. Miaka hamsini, akasema, halafu mtengane leo! Akanishika bega. Akaniambia babu yake naye aliwahi kufukuzwa kitandani, akasamehewa kwa maembe.

Mchana tumekuta kikapu cha maembe. Earline akauliza ni ya nini. Nikasema ni mila za Bali.

Chakula cha jioni tumewekwa meza moja na Wendell na Joyce Stroud, wa Tyler, Texas. Wamesafiri kwa meli hizi mara nyingi hata wanavaa beji za dhahabu kifuani. Wendell akaiona kadi yangu, ya buluu, ya wanaosafiri mara ya kwanza. Akatangaza kwa meza tatu kwamba leo anakula na watoto wa chekechea. Nina miaka sitini na tisa!

Akatueleza mambo ya meli bila kuulizwa. Kwamba Ijumaa kuna kipindi cha wanandoa jukwaani. Huitwa waliooana karibuni kabisa, wa katikati, na walioishi pamoja muda mrefu kuliko wote. Kiti hicho cha wazee wa ndoa ni chao yeye na Joyce. Wameshakikalia mara kadhaa, na nyumbani wana vimeli vya plastiki vya ushindi vimejaa juu ya televisheni. Miaka arobaini na tisa, akasema. Nani atatugusa?

Hapo hapo wahudumu wakatoka jikoni wakiimba na kupiga makofi. Keki! Imeandikwa kwa krimu: Ovide na Earline, Miaka 50.

Uma wa Wendell ulisimama hewani.

Earline alitabasamu kama mtu aliyekanyaga mwiba wakati wa ekaristi. Chini ya meza nikapigwa teke lililofika kwenye mfupa. Joyce, mama mpole, akamuuliza siri ya kudumu hivyo ni nini. Earline akajibu ni subira, dada yangu, subira, na kwamba tangu azaliwe hajawahi kuihitaji kama jioni hii.

Chumbani alikiri keki ilikuwa nzuri. Alikula vipande viwili. Lakini kesho, akasema, utawaambia wale watu ukweli, Ovide. Nikasema bila shaka.

Jumanne, 14 Januari

Sijawaambia. Nafasi haikupatikana.

Asubuhi kulitokea msiba kwenye bufe. Bakuli limeandikwa gumbo, mchuzi mzito wa kwetu ambao hautiwi nyanya kamwe. Earline akapakua, akachota, akaweka kijiko chini taratibu. Nyanya! Wametia nyanya kwenye gumbo! Tuliliacha bakuli kama watu waliopokea taarifa mbaya. Jibini tukala.

Wendell ameniandama siku nzima. Kwenye lifti, kando ya bwawa, hata msalani. Tulioana kanisa gani? Padri nani? Wimbo gani wa kwanza kucheza? Nikamjibu yote bila kusita, kwa sababu nilimpa harusi yangu na Nolia. Mvua ilinyesha mpaka mifereji ikafurika. Gari la baba lilikataa kuwaka. Tulikwenda kwenye sherehe juu ya trela la mpunga, bibi harusi akiwa amebeba viatu mkononi na kucheka. Yote kweli tupu! Isipokuwa bibi harusi.

Kumbe Earline alikuwa amesimama nyuma yangu na chai yake. Nilisubiri teke. Halikuja. Baadaye aliniuliza viatu vilikuwa vya rangi gani. Nikamwambia krimu, vya kuazima kwa dada yake. Akatikisa kichwa tu.

Alasiri, Earline akiwa kwenye bingo, alinijia Desmond, Mjamaika anayeongoza michezo. Akaniambia kwa furaha kwamba sisi ndio wazee wa ndoa wa safari hii. Wendell alikuwa meza ya jirani, sikio limesimama kama la mbwa wa kuwinda. Ningesema hapana. Mdomo ulikuwa umeshafunguka kusema hapana. Wendell akakohoa kwa dharau.

Nikasema tutafurahi sana.

Jumatano, 15 Januari

Earline amekataa. Amekataa kwa Kiingereza, kisha kwa Kifaransa cha nyanya yake, ambacho hukitumia kwa wauza magari tu. Akasema nimeanza na keki, sasa naelekea jukwaani, na nikiachwa nitafika kwa Baba Mtakatifu. Akaniuliza kama huyu ndiye mume ninayemwonyesha.

Nilimletea embe. Alilila, akiwa amenipa mgongo.

Wayan amekunja taulo umbo la nyani na kulining'iniza darini. Nimelikuta nikiwa peke yangu. Nimepiga ukelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Alhamisi, 16 Januari

Cozumel, kisiwani Meksiko. Nilitaka kumkwepa Wendell na maswali yake, nikamwambia Earline tutafute kanisa. Tumelipata, dogo, lina baridi nzuri. Tumewasha mishumaa miwili, mmoja wa Nolia, mmoja wa Curley. Tumekaa kwenye benchi. Earline akasinzia, kichwa chake kikaja begani kwangu.

Niseme ukweli hapa. Saa nilikuwa naiona. Ilikuwa ukutani, mbele ya macho yangu. Niliona wakati wa meli kuondoka unakaribia. Sikutikisika. Ni muda mrefu bega hili halijalaliwa na mtu.

Alipoamka, Mama yangu! Tulikimbia gati lote, mimi na goti langu, yeye ameshika kofia. Meli ilikuwa inapiga honi. Na huko juu, kila sitaha, watu mamia wamejipanga kwenye ukingo wakishangilia na kutupungia leso. Kumbe ni mchezo wao! Kila bandari huja kuwatazama waliochelewa. Katikati yao Wendell, simu mkononi, anarekodi, anapaza sauti: "Kaza mwendo, chekechea! Kengele imelia!"

Mezani akaionyesha ile video kwa kila aliyepita. Kisha akasema, kwa sauti ya mnada, kwamba miaka hamsini haikimbii hivyo. Akasema watu wa Louisiana huhesabu miaka kama wanavyohesabu kamba wa mtoni: wanachota tu kwa ndoo.

Earline aliweka leso ya meza chini. Akamuuliza kwa upole kama ameshawahi kula kamba wa mtoni waliopikwa vizuri, au huko Tyler huwalisha paka. Kisha akanigeukia mimi.

"Hicho kipindi chako kinaanza saa ngapi?"

Ijumaa, 17 Januari

Viatu sijavua. Naandika hivyo hivyo.

Ukumbi umejaa. Jukwaani wapo vijana wawili wa Alabama waliooana juzi juzi, akina Stroud waliowekwa kiti cha katikati (Wendell amenuna), na sisi. Wake wakapelekwa nyuma ya pazia. Desmond akatuuliza waume: asubuhi, mkeo hufanya nini kwanza? Nikajibu upesi kwamba hutia chembe za chumvi kwenye kahawa. Watu wakacheka, nikafurahi. Anaogopa nini kuliko vyote? Nikasema madaraja. Nilijiamini kabisa. Sijawahi kujiamini vile tangu nistaafu kwenye kinu cha mpunga.

Wakarudi. Earline akaulizwa la kwanza. Akasema huchemsha chai, na kwamba kahawa haijapita kooni mwake tangu azaliwe.

Ukumbi ukapigwa na butwaa. Mwanamke wa Louisiana! Hanywi kahawa!

La pili. Akasema anaogopa nyoka. Madaraja anayapenda, maana baba yake alikuwa mlinzi wa daraja la kufunguka, na yeye almanusura azaliwe juu yake.

Hapo ndipo nilipong'amua. Nolia. Nilikuwa nimewajibu Nolia.

Tukapelekwa nyuma sisi. Tuliporudi ikawa zamu yangu: mkeo amesema kuna jambo hufanyi kamwe bila kupiga mluzi, ni lipi? Nikasema silijui, mimi sijui kupiga mluzi. Desmond akasoma jibu: kunyoa ndevu. Watu wote wakazitazama ndevu zangu, zinazofika kifungo cha pili cha shati. Zilipoguswa na wembe mara ya mwisho sikumbuki. Kicheko kikatikisa viti. Wendell alicheka mpaka beji ikadondoka.

Lakini mluzi ule naujua. Curley alikuwa akiupiga hata tukiwa tumejificha majanini, na kuwafukuza bata wote wa wilaya. Nikamtazama Earline. Alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

Desmond akauliza, jamani wazee, hii miaka hamsini mlikuwa mkiishi nyumba moja kweli? Nilikuwa nimeshapata uongo mzuri, wa mimi kufanya kazi kwenye mitambo ya mafuta baharini. Earline akaichukua maikrofoni kabla yangu.

"Samahanini sana. Huyu si mume wangu. Mume wangu amelala makaburini Ville Platte, na mke wa huyu amelala safu ya pili kutoka pale. Huyu ni Ovide tu. Ameniposa, na mimi bado nafikiria."

Kisha bibi mmoja huko nyuma akapiga kelele: "Usifikirie sana, mama, siku zinakwenda!"

Vijana wa Alabama wamechukua kimeli cha plastiki. Wendell alisimama akitangaza kwamba yeye alijua tangu Jumatatu. Joyce akamwambia akae chini, maana baada ya miaka arobaini na tisa amekosea rangi ya macho ya mkewe.

Jumamosi, 18 Januari

Nimeamka nikijua nimekataliwa. Nimefunga mkanda kama mtu anayekwenda mahakamani.

Tumekaa sitahani, upande wenye kivuli. Earline alikoroga chai muda mrefu. Akasema jana, pale jukwaani, alitaka kunitupa baharini. Kisha akakumbuka ile chumvi. Akasema Nolia ana miaka mitano kaburini, na mimi bado najua anavyokunywa kahawa yake. Curley, akiwa hai, hakuwahi kujua kama mkewe anakunywa chai au maji ya mto. "Simwonei wivu Nolia," akasema. "Nataka tu na mimi nijulikane hivyo."

Kisha akasema ndiyo.

Ndiyo! Nikamuuliza kama amesema ndiyo. Akasema amesema, na nisimfanye arudie, chai inapoa. Baada ya Pasaka, padri akikubali. Lakini sharti. Uongo mmoja tu, Ovide, hata mdogo kama punje, hata wa keki, na nirudi kwa bata wangu. Nikaapa. Nikaapa kwa rozari, mkono wangu juu ya wake.

Nikamuuliza chai yake anaitakaje. Asali vijiko viwili, kikombe kipashwe moto kwanza. Nimekariri.

Jumapili, 19 Januari

Tumetia nanga nyumbani. Ukungu juu ya mto. Earline amenituma nikaulize mizigo inatolewa wapi, yeye ashike foleni.

Nimepita mbele ya meza wanapouza safari zijazo. Kupita tu. Mtu haruhusiwi kusimama? Nikawa nawaza bila nia yoyote. Wale vijana wa Alabama walikuwa na ndoa ya miezi miwili. Miwili! Mimi na Earline tukifunga ndoa asubuhi na kupanda meli mchana, ni nani duniani atatushinda kwa upya? Na Wendell ameniambia ameshalipia ya mwezi wa tano.

Msichana wa mezani akauliza kama tutakuwa na sherehe. Nikasema fungate. Si uongo. Akapiga makofi, akasema fungate lina zawadi zake, na kubwa kuliko zote hupewa wasiowahi kuoa wala kuolewa. Je, sisi ni wa hao?

Nilimfikiria Nolia. Nikamfikiria Curley. Nikawaomba radhi wote wawili, kimoyomoyo, kwa heshima.

Kisha nikasema ndiyo, ni mara yetu ya kwanza.