Hotuba ya Uzinduzi wa Kituo cha Magari Makongwe Yenye Mbio

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye amepata udhuru. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi. Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu wa Idara ya Uratibu, Usimamizi na Ufuatiliaji wa Magari Yaliyokula Chumvi Nyingi, ambaye pia, kwa unyenyekevu mkubwa, ni mimi. Ndugu Katibu wangu uliyeshika chupa ya maji. Ndugu mawakala wa forodha. Ndugu zetu wa bima, naona mmechagua kukaa karibu na mlango. Wazee wa gereji, vijana wa gereji, na wake wa watu wa gereji mliovumilia mengi. Ndugu waandishi wa habari mliokwisha kula na ambao bado. Mabibi na mabwana: itifaki imezingatiwa, na kama kuna niliyemsahau basi ajihesabu nimemtaja. (Makofi. Mtu anapiga mluzi.)

Kabla sijasema neno, niseme maneno machache. Idara yangu iliundwa kupambana na tatizo moja sugu, nalo ni kwamba vijana wetu, na siku hizi hata watu wazima wenye wajukuu, wameshikwa na homa ya kuagiza kutoka Japani magari ya mbio ya zamani, yale ya milango miwili, yaliyo chini kama yanatafuta pini iliyodondoka, yenye turbo inayopiga chafya kila ukiachia mafuta, magari ambayo kule kwao yameshastaafu, na kama yangekuwa watu yangekuwa yanalalamikia magoti. Mtu analiona kwenye simu, moyo unamdunda, hali, halali, mpaka asikie limepanda meli. Likishashuka bandarini, hapo ndipo Idara inapoingia. (Sauti kutoka nyuma: "Na hapo ndipo linapoanza kuoza!") Kuoza ni neno la mtaani, ndugu yangu. Sisi tunasema gari linahifadhiwa kwa mtazamo wa muda mrefu. (Kicheko.)

Sasa tazameni hapa kushoto kwangu, chini ya jukwaa. Gari! (Vigelegele.) Jekundu kama pilipili, umri wake unamzidi Katibu wangu, na taa zake za mbele zinalala ndani ya boneti, ukiwasha zinachomoza kama macho ya mtu aliyesikia anasengenywa. Gari hili ni tunda la kwanza la Mradi, ni matokeo ya fremuweki shirikishi iliyobuniwa na ofisi yangu, ofisi yangu ikiongozwa na mimi... (Mwanamke kwenye safu ya tatu anasimama: "Hilo gari langu!")

Naam. Nilikuwa nakuja hapo hapo, dada. Kaa. Ndugu wananchi, huyu ni stekiholda wetu. Wengi mnamjua kwa jina la Dada Kucha, anapaka watu rangi za kucha pale saluni ya mtaa wa nyuma, hata mke wangu ni mteja wake. Aliliona gari hili kwenye kalenda ya gereji akiwa bado anavaa sare za shule, akasema hili ndilo, watu wakamcheka, akapaka kucha mpaka akalinunua. Huyo ndiye mwananchi tunayemtaka! (Makofi.) Gari likafika, likaingia yadi ya Idara. (Dada Kucha: "Tangu mvua za mwaka jana!") Tangu mvua za mwaka jana, asante kwa takwimu. (Dada Kucha: "Na Ijumaa hii mnaliponda liwe chuma chakavu, eti limepitisha muda yadini!") Dada yangu, neno kuponda hatulitumii. Tunaita kulipunguza ujazo. (Kicheko. Dada Kucha hacheki.)

Naomba nieleze utaratibu, maana wapotoshaji wamekuwa wengi. Ili gari litoke yadi, ni lazima liwe na namba. Ili lipate namba, ni lazima likaguliwe. Ili likaguliwe, ni lazima liende kituo cha ukaguzi likitembea lenyewe, kwa sababu gari linalobebwa kwenye lori tutajuaje kama linatembea? Ili litembee barabarani, ni lazima liwe na bima. Na ndugu zetu wa bima, ambao nawapongeza kwa umakini, hawalikatii bima gari lisilo na namba. (Mtu mmoja anaanza kucheka peke yake.) Mnauona uzuri wake? Hakuna mwanya! Mla rushwa apenye wapi? Nilipouchora mfumo huu ubaoni, mfadhili mmoja alisimama, akaomba maji. (Mama mzazi wa Dada Kucha, kwa sauti: "Mwanangu mnamzungusha kama pia, halafu unajisifu!") Shikamoo mama. ("Marahaba. Haya, nijibu!") Nitajibu, mama, hotuba bado changa.

Na hata hiyo bima yenyewe, ndugu wananchi, tusidanganyane. Gari la umri huu hulipatii bima kubwa, kwa sababu likigongwa, spea yake haipo popote isipokuwa ndani ya gari lingine la aina hiyo hiyo, na hilo lingine nalo linamsubiri mwenzake agongwe. Utapata bima ndogo tu, ile ya kumlipa uliyemgonga. Wewe na lako mtajuana. (Mtu wa bima, mlangoni: "Na tukiona ni jekundu, tunaongeza kidogo!") Mnasikia? Huo ndio uwazi.

Kutokana na changamoto hizo, Idara ilikaa, ikakaa tena, ikaona haitoshi, ikasafiri kwenda kukaa mahali pengine, na hatimaye ikabuni Kituo cha Magari Makongwe Yenye Mbio, ambacho ni wan-stopu senta ya kidijitali, ukaguzi, namba na bima chini ya paa moja, ili mwananchi aliyekuwa anasumbuliwa kwenye madirisha matatu sasa asumbuliwe kwenye dirisha moja. (Makofi.) Tulifanya fizibiliti stadi. Tulifanya kepasiti bildingi. Tulituma ujumbe mzito wa watu kumi na wawili kwenda Japani kujifunza, na hatukumchukua fundi hata mmoja, kwa sababu mafundi wangeuliza maswali ya magari na kutupotezea muda. (Mzee wa gereji: "Mkarudi na nini?") Swali zuri, mzee wangu! Tulirudi na somo kwamba Mjapani anamwinamia mteja. Na sisi, pale Kituoni, kila mteja atainamiwa kwa heshima zote kabla ya kuambiwa arudi kesho.

Takwimu nazo zinaongea. Tangu niingie ofisini, kuridhika kwa wateja kumepanda kutoka asilimia sifuri hadi asilimia mia moja na nne, hizo nne zikiwa za watu walioridhika mara mbili. Malalamiko yamekwisha kabisa, na yalikwisha siku ile ile tulipoling'oa sanduku la maoni. (Mama: "Mwanangu anasikiliza asilimia na gari lake linasubiri nyundo!") Mama, Ijumaa bado iko mbali. ("Leo Jumatano!") Ndiyo maana nikasema, mbali.

(Dada Kucha amesimama tena: "Samahani mheshimiwa. Kama haliwezi kutoka yadi, hapa limefikaje?")

Ah! Hilo swali, dada, ndilo nililotamani mtu aniulize, kwa sababu linaonyesha uwezo wangu. Jana asubuhi ofisi iligundua kwamba tuna uzinduzi na hatuna cha kuzindua. Watu walianza kutetemeka. Mimi sikutetemeka. Nilipiga simu moja tu! Mkaguzi akalifuata gari huko huko yadini, akainama, akapiga tairi teke, akasema gari ni zima. Namba ikafungwa. Bima ndogo ikakatwa kabla chai yangu haijapoa. Gari likatoka getini, dereva wangu kwenye usukani na mimi pembeni, magoti yamegusa kidevu, na nakiri mbele yenu, turbo ilipoingia pale kwenye mteremko, nilipiga ukunga. (Vicheko, makofi marefu.) Huo ndio uongozi unaoacha alama!

(Dada Kucha: "Kwa hiyo sasa hivi limekaguliwa?") Limekaguliwa. ("Lina namba?") Namba halisi, siyo za kuchora. ("Na bima?") Ipo, ya siku moja, inakwisha leo usiku. ("Vyote kwa jina la nani?") Kwa jina lako, dada, wewe si ndiye mwenye gari? Serikali haiibi. (Minong'ono. Wazee wa gereji wanageuziana shingo.) Naona mnanong'ona. Nong'oneni, ni haki yenu, huo ni ushirikishwaji.

Sasa tumefika kwenye kilele. Kwa mujibu wa ratiba, kutafanyika tendo la ishara, na narudia, la ishara, ambapo Dada Kucha atapanda hapa kupokea ufunguo kwa niaba ya wamiliki wote, tutapiga picha, tutapiga makofi, kisha ufunguo utarudi kwa dereva wangu, na gari litarudi yadini kuisubiri Ijumaa kwa utulivu. Panda, dada. Na mama pia? Haya, na mama. Katibu, leta ule ufunguo mkubwa wa boksi. (Katibu anamnong'oneza.) Rangi haijakauka? Itachafua suti yangu? (Katibu anaitikia kwa kichwa.) Sawa, hakuna kinachoharibika. Dereva, leta huo huo wa kweli, ni wa picha tu.

Simama hapa, dada. Shika mwisho huo, mimi nashika huu. Mama, sogea kidogo, unamziba mwanao. Tabasamu. Mpiga picha, hakikisha tumbo halionekani. Moja, mbili... (Mwanga wa kamera. Makofi.) Safi kabisa. Haya, achia. Dada, achia. Picha imeshapigwa, dada. (Dada Kucha: "Nimepokea, mheshimiwa. Nakushukuru sana.") Hapana, hukupokea, uliigiza kupokea! (Mama: "Twende mwanangu, mwache baba wa watu ahutubie.")

Ndugu wananchi, tulieni. Dada anaenda kulitazama tu. Ni mapenzi, tumwelewe. Amefungua mlango. Ameketi. Mama naye ameketi, ajabu, ameingiaje kirahisi hivyo? (Injini inawaka. Taa zinachomoza. Ukumbi mzima unasimama.) Kaeni! Msipige makofi, makofi yalikuwa mwanzoni! Dereva, simama mbele ya gari! Kwa nini unapunga mkono? Mlinzi, funga geti! (Mlinzi: "Mheshimiwa, uliniambia gari la Mradi lisizuiwe kwa sababu yoyote!") Nilisema hivyo? (Turbo inapiga chafya. Gari linatoka. Vigelegele.) Dada! Taratibu kwenye matuta, bima yenyewe ndogo!

(Kelele. Katibu anamnong'oneza tena.)

Ndugu wananchi, nimepokea taarifa. Katibu ananikumbusha kwamba kwa mujibu wa kanuni, gari likishapata namba haliruhusiwi kuingizwa tena yadini, kwa sababu yadi ni ya magari yasiyo na namba. Nani aliandika kanuni hiyo? (Katibu anamtazama.) Ni kanuni nzuri, imeandikwa na mtu makini. (Dereva: "Na hiyo bima ikiisha leo usiku, mheshimiwa?") Ndugu wa bima, mjibu mwenzako. (Mtu wa bima: "Namba si ipo? Aje kesho asubuhi tumkatie ya mwaka mzima. Tatizo lilikuwa namba tu.") Asante. Ungeweza kusema "hapana", lakini asante.

Kwa hiyo msije mkasema mmeshuhudia tukio. Mmeshuhudia implementesheni! Nani alileta ufunguo? Idara. Nani alimkabidhi mwananchi? Mimi, na picha ipo. Simameni tumalize kwa nguvu. Nikisema "Magari makongwe", nyinyi semeni "yana serikali yake". Magari makongwe! (Umati: "Yana wenyewe!") Siyo hivyo. Magari makongwe! (Umati, kwa nguvu zaidi: "Yana wenyewe!") Haya, inatosha, tumeelewana. Kituo oyee! (Umati: "Kiko wapi?") Oyee!

Mwisho kabisa, kwa moyo mnyofu, nitoe shukrani. Namshukuru mwenye ukumbi huu wa harusi, ambaye namwona ameshaanza kutandika vitambaa vya watu wa saa kumi. Namshukuru kinyozi wa jirani aliyetuazima pazia lake, hili la nyuma yangu, ambalo ratiba inasema nilifungue ili mkione Kituo, na ambalo nawasihi mtu yeyote asilifungue, kwa kuwa nyuma yake kuna ukuta, na ukuta wenyewe ni wa duka la vyombo. Nawashukuru wafadhili, ambao fedha zao zimetumika hadi senti ya mwisho kwenye ziara, fulana na vipaza sauti hivi. Jengo hatukujenga. Kiwanja hatukutafuta. Dirisha lile moja nililowaahidi bado liko kichwani mwangu, na limefungwa. Kwa kusema ukweli, ndugu zangu, Mradi mzima ulikuwa ni lile gari.

Kwa hiyo Katibu, andika, usicheke, andika: Mradi umezinduliwa leo mbele ya mashahidi, umekabidhiwa kwa mlengwa kabla ya Ijumaa, na hivi ninavyozungumza umeshakata kona pale kwa muuza matairi, gia ya tatu, na mama yake amefungua kioo anatupungia. Ahsanteni kwa kunisikiliza.