Bashrafu ya Bwana Tadokoro

Jumapili, 3 Oktoba 1999
Ami Majid amekataa tena kunipa Hind. Kasema binti yake haolewi na mpiga kinanda wa kuiga. Anataka mkwe mwenye utungo wake mwenyewe. Yeye na fidla yake ndio wanaoongoza taarabu za harusi zetu hapa Maskati, kwa hiyo anajiona hakimu. Sawa. Utungo ataupata.

Jumatatu, 4 Oktoba
Nimesoma makala juu ya Bwana Tadokoro, Mjapani anayetunga muziki wa gemu za televisheni. Alianza na matangazo ya masufuria ya umeme. Akaingia kwenye gemu, enzi za vile vimilio kama vya saa ya mkononi. Leo okestra nzima inampigia Tokyo. Mimi pia nilianza chini: muziki wa kungojea kwenye simu ya ofisini kwetu niliuchagua mimi.

Nimeuchukua muziki wake wa kinamasi cha vyura katika gemu moja. Nimeupunguza mwendo, nikautia madoido ya Misri. Umekuwa bashrafu safi ya kufungulia taarabu, bila neno hata moja. Nani Maskati anamjua Tadokoro?

Alhamisi, 7 Oktoba
Harusi ya Sayyida, Bawshar. Nimepiga. Kina mama wakatikisa vichwa. Watoto waliokaa mbele wakaanza kuchezesha vidole gumba hewani. Nilipofika pale jichura linapotokea, wote wakaruka pamoja. Nimekwisha!

Kabla hawajasema kitu, Ami Majid akasimama. Akatangaza kwamba bashrafu hiyo ni yake, aliitunga Unguja kabla sijazaliwa, na mimi nimemwibia. Watu wakampigia makofi. Ningembishia vipi? Niseme nimemwibia mwingine?

Ijumaa, 8 Oktoba
Hind kapiga simu, anacheka mpaka anakohoa. Gemu hiyo aliimaliza zamani, babake akiwa nyuma yake kwenye kochi, akijidai kusoma gazeti. Kisha akaniomba nikamwambie mzee ukweli, maana yeye ananitaka mimi, hataki utungo. Nimeona haya, na nimefurahi sana. Nimemwahidi kwenda kesho.

Jumamosi, 9 Oktoba
Nikiwa njiani kwenda kukiri, nimepita duka la gemu la Matrah mara moja tu. Gemu mpya ya Tadokoro imefika! Mwenye duka kasema alikuwa nazo mbili. Ya kwanza kainunua asubuhi mzee mmoja mwenye sanduku la fidla. Bila shaka ni zawadi ya Hind. Kumbe mzee ana moyo.

Nimeichukua iliyobaki. Kukiri kutangoja. Harusi ya Balqis ni mwezi ujao, na safari hii hakuna atakayeujua muziki huu.