Kibao cha Mfamasia

Jumatatu, 9 Novemba 1998

Barua ya mama imefika. Kibao cha duka kimeshachorwa: HAFIDH, MFAMASIA. Rangi ya kijani, na picha ya chupa. Mtaa mzima wa kwetu Unguja umeshakiona. Mie huku Guangzhou sijafaulu hata mtihani wa kupima dawa za miti za Kichina. Ni Ijumaa. Nikianguka, narudia mara moja tu. Nikianguka tena, ufadhili basi, nakwenda kwetu kukitazama kibao.

Lakini Mungu si Athumani. Ernest, aliyemaliza mwaka jana, ana nakala za karatasi za daktari anazotahinia Mwalimu Liang. Tano tu, anasema, kila mwaka hizo hizo. Bei yake jinzi mbili za soko la nguo la Guangyuan Xilu. Nimezipata kwa ami Msabaha, mfanyabiashara. Nimemwambia maabara yetu ina baridi.

Jumatano, 11 Novemba

Zote tano nimezihifadhi kama juzuu. Droo gani, gramu ngapi. Nafumba macho, mkono unakwenda wenyewe.

Mchana zamu, duka la dawa la chuo. Kissa wa Tukuyu, mwenzangu wa darasa, alimhudumia mzee mmoja, mzee akaondoka. Mara Kissa akatoka mbio mpaka kituo cha basi, akamrudisha. Alisahau kumuuliza kama anatumia dawa nyingine. Anatumia, ya moyo. Mwalimu Liang akampigia daktari simu, dawa ikabadilishwa.

Nakiri humu, kwa kuwa hasomi mtu: yule ni mfamasia tangu tumboni mwa mamake. Foleni imefika nje, yeye hata jasho hana. Nikiugua, nataka anipimie yeye. Ila mtihani ni mbio, na kwa mbio hanipati.

Ijumaa, 13 Novemba

Alhamdulillahi! Karatasi niliyopewa ndiyo ile ya pili ya Ernest. Nilipoona dawa ya kwanza, mahuang, ile ya pumu, sikuhitaji kusoma zaidi. Droo, mizani, droo, mizani. Dakika sita. Vifurushi vitatu, pembe zimekaa kama za sambusa.

Kissa alipewa hiyo hiyo. Hakugusa droo. Aliisoma, akairudia, akakunja uso, akaweka mizani chini, akamwambia mwalimu kwamba dawa hii haitoi. Masikini. Roho iliniuma, nikamnunulia soda.

Jumamosi, 14 Novemba

Kissa wa kwanza. Mie wa mwisho.

Mwalimu Liang aliniita. Akasema mikono yangu mizuri, wachache hufunga hivi. Kisha akaweka kidole juu ya karatasi, penye umri. Kwenye ya Ernest mgonjwa alikuwa na miaka thelathini na nane. Kwenye hii, mitatu. Kipimo kile kile cha mtu mzima. Amebadilisha hapo tu, makusudi. Akasema kazi yetu huanza kwa kumsoma mgonjwa, na tukiona kosa tunakataa mpaka daktari aandike upya. Hakupandisha sauti. Vifurushi vyangu akavifungia kabatini, asije mtu akavitumia. Nilijiona mdogo kama kidonge cha piriton.

Jioni Kissa akaja mwenyewe. Atanisomesha kila siku mpaka marudio, Jumatatu ya tarehe 23. Hakunicheka hata kidogo. Mtu wa watu.

Jumapili, 15 Novemba

Nimelala, nimeamka, nimeelewa. Kumbe siri ni kukataa! Wiki nzima nahangaika na droo bure. Marudio sisomi kitu. Nikipewa karatasi, yoyote ile, naikunjia uso, naweka mizani chini, nakataa. Dakika moja tu.

Kissa amekuja na madaftari manne. Nimemwomba ayaweke kando, anifundishe tu alivyokunja uso siku ile. Akanikunjia uso. Nikamwambia hivyo hivyo, asibadilishe.

Nimemwandikia mama akipigilie kibao misumari.