Jicho Kwenye Barua Pepe

Jumatatu, 4 Machi
Siku mbaya, kama kawaida, ila leo imenitia tamaa. Bosi ametangaza kwamba chumba cha mkuu wa matangazo kiko wazi. Kina mlango, kina dirisha, na kiko mbali na choo. Meza yangu imeegemea ukuta wa choo. Kila anayeingia namsikia. Kila anayetoka hukwepa kunitazama.

Sharti ni hili. Duka letu la miwani humtumia mteja barua pepe akishalipa, na nyingine miwani ikiwa tayari. Wateja huzifuta bila kuzisoma, wanadhani ni za matapeli. Bosi anataka kichwa kipya, yaani picha na maneno ya juu kabisa ya barua hizo, mtu akifungua tu ajue ni sisi na tunamtakia nini. Atakayemridhisha anahamia chumbani. Tuko wawili: mimi, na mchoraji wetu tunayemwita Mistari, mwanamke asiyeweza kukata mkate bila rula. Nimekwisha.

Jumanne, 5 Machi
Nimechungulia kazi ya Mistari alipokwenda kunywa chai. Nembo ndogo kushoto. Chini yake: "Miwani yako iko tayari." Basi! Nikamhurumia. Nikamshauri, kama kaka, aongeze maua. Akanishauri, kama dada, nikae mbali na kompyuta yake.

Mimi nimechora jicho. Moja, kubwa, jekundu, na nyuma yake giza tupu. Chini, herufi nene: TUNAKUONA. Bosi akasema kichwa amekiona, kiwiliwili je? Kwenye simu yake jicho lilijaza kioo chote, ujumbe ukabaki huko chini kama kisimani. Nikamweleza kwamba mteja akishavutwa atashuka mwenyewe. Akasema atafikiria. Bosi akisema atafikiria, ujue ameshakataa.

Alhamisi, 7 Machi
Bosi kasafiri. Anayezituma barua zile ni mimi. Nani wa kunizuia? Jicho limekwenda kwa wateja wote wa leo, hata kwa mama mkwe, ambaye miwani yake iko tayari. Nataka awe wa kwanza kujivunia mkwe wake. Bosi atarudi akute duka limefurika.

Ijumaa, 8 Machi
Halikufurika. Hakuja mtu. Zilikuja simu. Mama mmoja aliuliza kwa sauti ya chini tunamwona tukiwa wapi. Nikamjibu kila mahali, nikiwa na maana ya matawi yetu. Akakata.

Mchana akaingia dereva wa lori, mteja wetu, macho yamemvimba kwa kukosa usingizi. Barua ilimkuta sebuleni kwa mwanamke asiye mkewe. Akaliona jicho, akasoma TUNAKUONA, hakushuka zaidi. Alikimbia nyumbani akakiri yote, hata yale ambayo mkewe asingeyajua maisha. Sasa analala kwenye lori. Akauliza ni nani aliyechora lile jicho. Nikamwonyesha meza ya Mistari.

Mistari hakubishana naye. Alimfungulia kichwa cha barua alichokichora yeye, akampisha asome. Dereva akasoma taratibu, akashusha pumzi.

"Hiki ningekielewa," akasema. "Na ningekuwa bado nina kitanda."

Kisha wote wawili wakanigeukia. Nikaenda chooni. Nilikaa sana.

Jumapili, 10 Machi
Mama mkwe kaja kutusalimia. Hana miwani. Barua yetu aliifuta palepale, akawaonya na majirani. Ametia chumvi kwenye chai. Ameliamkua koti langu lililotundikwa mlangoni, akaliuliza habari za kazi. Nilitaka kucheka mpaka nilipoona goti lake. Juzi alijikwaa ngazini.

Mke wangu alinivuta jikoni. Hakupaza sauti.

"Mama anatembea kwa kupapasa," akasema, "na miwani yake iko kwenye droo yako."

 

Jumatatu, 11 Machi
Bosi amerudi. Hakugomba, na hilo ndilo lililonimaliza. Alisema watu hutuletea macho yao kwa sababu wanatuamini, nami nimewatia hofu. Chumba kapewa Mistari. Kichwa chake kilitumwa asubuhi, na kufikia mchana foleni ilikuwa imetoka nje ya mlango. Mimi nimewekwa kaunta, kufuta vioo vya miwani kwa kitambaa.

Jioni nimempelekea mama mkwe miwani yake. Akaivaa. Akanitazama kuanzia viatu hadi kichwani, bila haraka.

"Kumbe ndiwe," akasema.



Jumatano, 13 Machi
Ukifuta vioo kutwa nzima unapata nafasi ya kufikiri. Nimekubali, jicho lilikuwa kosa. Hakuna mtu anayependa kutazamwa. Nimemwomba Mistari radhi. Ameipokea, ingawa mkono wake ulikuwa juu ya kompyuta.

Leo bosi ametangaza kwamba tutaanza kuuza pia vifaa vya kuwasaidia wasiosikia vizuri. Barua zake nazo zitahitaji kichwa. Mistari ana kazi tele, hata hajakigusa. Mimi nimeshamaliza. Sikio. Moja, kubwa, la kijani, rangi isiyomtisha mtu. Chini yake, herufi nene: TUNAKUSIKIA HATA UKINONG'ONA.