Saa ya Marehemu Mezani Kwangu

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimekuwa fundi saa. Rasmi! Sijatengeneza saa hata moja, lakini kona ninayo, meza ninayo, nia ninayo. Wapo walioanza na pungufu ya hapo.

Ilikuwa hivi. Mama mkwe yuko kwetu tangu wiki iliyopita. Amekuja na saa ya mkono ya marehemu mumewe, ya chuma, nzito, ile ya kutia ufunguo. Tangu baba mkwe atutoke, mama hulala nayo chini ya mto, anaisikiliza mpaka usingizi unamchukua. Sasa imesimama. Mwenyewe halalamiki, ila macho yake asubuhi ni mekundu, na akikaa mezani huigonga kidogo kwa kidole, huiweka sikioni, kisha huirudisha kwenye mkoba. Roho inaniuma kumwona.

Mke wangu akasema kesho ataipeleka kwa Jicho Moja. Huyo ni fundi saa wa pale barabarani, na anaitwa hivyo kwa sababu lenzi yake haimtoki jichoni hata akienda kununua mkate. Basi nikausikia mdomo wangu ukisema kwamba saa ya baba haiwezi kuzungushwa mitaani wakati mkwe wake mzima wa afya yupo nyumbani. Miaka yote niliyokaa bohari nikigawa vipuri vya mitambo, leo nishindwe na saa? Mdomo uliponza kichwa.

 Mke wangu akasema mama anaondoka Jumapili, na mlio wa saa ile ndiyo sauti pekee ya baba aliyobaki nayo. Kama siwezi niseme sasa hivi, wala hatanicheka. Nikasema naweza. Akanipa kona ya sebuleni karibu na dirisha na meza yetu ya zamani ya kulia chakula. Kazi imeanza.

Jumanne, 4 Juni

Upelelezi. Nilikwenda kwa Jicho Moja nikijifanya naulizia bei ya mikanda. Macho yangu yote yalikuwa kwenye meza yake. Ajabu! Meza inamfika kifuani! Jamaa anakaa nyuma yake kama mtoto aliyeletwa kwenye karamu ya wakubwa, kichwa tu na mabega.

Nikapiga hesabu papo hapo. Jicho Moja ni mfupi. Bila shaka meza aliirithi kwa mtu mrefu, na ubahili umemzuia kuikata. Mimi sina ubahili. Nimerudi nyumbani, nikachukua msumeno na kuipunguza meza yangu mpaka ikawa usawa wa magoti, nikae kwa raha zangu. Mguu mmoja ulizidi kidogo, nikaukata. Mwingine ukazidi, nikaukata. Nimeacha ilipobaki inayumba kidogo tu.

Mke wangu alipopita akauliza kama wateja wangu watakuwa sisimizi.  Wivu wa maendeleo huanzia nyumbani.

Jumatano, 5 Juni

Mgongo! Nilijaribu kukaa mezani kwa mazoezi, nikitengua na kukaza skrubu za miwani yangu. Kuinuka nikashindwa. Mke wangu na mama yake walinivuta, mmoja huku na mmoja huku. Mkwe mtu mzima kunyanyuliwa na mama mkwe kama gunia la mkaa! Nilitamani ardhi ipasuke.

Mchana nikajikongoja tena kwa Jicho Moja kuulizia mikanda ileile. Safari hii nikatazama vizuri. Kumbe viwiko vyote viwili vinalala juu ya meza, mkono hautikisiki, na saa iko karibu na jicho bila yeye kuinama. Ndiyo maana meza ni ndefu. Angesema mapema, ningekuwa na miguu ya meza mpaka leo.

Hakuna kilichoharibika. Nimepandisha meza juu ya makopo manne ya rangi niliyoyajaza mchanga. Inanifika kifuani barabara. Mke wangu anaiita mimbari.

Vifaa sasa. Bisibisi ndogo kutoka kwenye cherehani ya mke wangu. Kibano ni chake pia, cha kung'olea nyusi. Lenzi nimeing'oa kwenye darubini ya kuchezea ya wajukuu. Trei ya mayai ya kupangia vipande, kila kipande na shimo lake. Na juu ya yote, uvumbuzi wangu binafsi: nimefungua spika ya redio mbovu, nikatoa sumaku, nikaigandisha ukingoni mwa meza. Bisibisi, kibano, vyote vinaning'inia kwa mstari, havipotei kamwe. Jicho Moja hana kitu kama hiki! Kwake vifaa vimelala tu kwenye kipande cha mbao. Watu wengine kazi wanazo ila akili ya kuzipanga hawana.

Mke wangu alishauri nitandike shuka jeupe chini, maana zulia letu lina manyoya na kitu kikianguka hakionekani. Nikamwambia fundi hodari haangushi.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeangusha.

Nilifungua mfuniko vizuri kabisa. Ndani ni maajabu: magurudumu madogo kama mbegu za nyanya, na moja linalotakiwa kuyumba huku na huku lakini limenuna tu. Nikafungua hiki, nikapanga kwenye trei. Nikafungua kile. Mkono ulikuwa mtulivu, nikaanza hata kuimba. Halafu skrubu moja, ndogo kuliko punje ya ulezi, ikaruka. Ping! Nikasikia imegonga kitu, basi.

Kabla sijashuka kitini, mama mkwe akaingia na ufumaji wake, akaketi kwenye kochi, miguu palepale nilipodhani imeangukia. Trei nikaifunika kwa gazeti mbiombio.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, hilo najua. Lakini waliotunga methali hiyo hawakusema mvungu wenyewe uwe chini ya miguu ya mama mkwe. Nitainamaje pale? Na heshima yake, na yangu! Nikapita mara ya kwanza nikitazama chini kama mtu mwenye mawazo. Nikapita mara ya pili. Mama akauliza mwanangu umepoteza nini. Nikasema kalamu. Akatoa kalamu kwenye mkoba akanipa. Nikashukuru. Nikapita tena. Akauliza kama tumbo linanisumbua.

Akakaa mchana kutwa. Akafuma soksi nzima. Akaniambia kwa sauti ndogo kwamba haniharakishi, ila jana pia hakulala, na nyumba isiyo na mlio ule anaiona kubwa mno. 

Alipokwenda kuoga nilitambaa zulia zima, ukuta hadi ukuta, mke wangu akiwa amelaza tochi sakafuni ili kitu king'ae. Hamna. Nikainuka nikiwa nimekata tamaa, nikashika ukingo wa meza, na nani namwona? Skrubu! Imeganda kwenye sumaku, imetulia! Ilikuwa pale tangu mwanzo. Nikaibusu sumaku mbele ya mke wangu. Kweli mvumbuzi haangamii.

Ijumaa, 7 Juni

Vipande havirudi. Vilitoka vyenyewe kwa hiari, kurudi vinakataa. Nilipanga mara nyingi, na kila mara kimoja kinabaki. Si kilekile! Kila mara kingine.

Mficha uchi hazai. Nimeibeba trei ya mayai chini ya koti, nimekwenda kwa Jicho Moja kwa mwendo wa mtu aliyebeba uji moto. Nikamwambia kuna rafiki yangu mmoja, mjuaji sana, kaharibu saa ya watu. Akaangalia trei. Akaniangalia mimi. Akauliza kama huyo rafiki naye ana alama ya lenzi iliyomzunguka jicho kama yangu. Wateja wawili wakacheka. Nikasema tunafanana kidogo.

Si mtu mbaya sana, nakiri. Alijisifu wakati wote, akasema mikono kama yake haizaliwi tena, lakini aliacha kazi nyingine zote akaanza hii. Jioni akaniita. Akaisogeza sikioni mwangu. Ti ti ti ti. Nusura nimkumbatie yeye na lenzi yake.

Nyumbani nikafanya mambo kwa mpango. Nikaipachika saa kwenye sumaku kati ya bisibisi na kibano, ikashika yenyewe kwa uzuri. Nikavaa lenzi. Nilipomaliza kula nikakaa mezani, nikamwita mama, nikajifanya nakaza skrubu ya mwisho. Nikamkabidhi kwa mikono miwili.

Akaiweka sikioni. Akafumba macho. Akasema Mungu anibariki mimi na mikono yangu. Machozi yakamtoka, na mimi yakanitoka. Mke wangu aliitazama ile mikono yangu. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Jumamosi, 8 Juni

Balaa. Kabla ya jogoo mama alikuwa ameshaoga, ameshafagia, ameshachemsha chai na anatuamsha. Saa yake ilisema kumekucha zamani. Tulipokuwa tunakunywa chai, yake ilikuwa inataka chakula cha mchana. Tulipokula cha mchana, ilikuwa jioni. Saa inakimbia kama mwizi!

Na kesho mama anasafiri na saa hiyo. Damu ikanichemka. Nikamwomba anipe niitie mafuta kidogo, nikatoka nayo hadi kwa Jicho Moja. Nikamwambia mbele ya wateja wake kwamba amevuruga kazi, amemdhalilisha mjane, na afunge duka akauze karanga. Nilisema vizuri sana.

 Jicho Moja akatoa dira ndogo, akaisogeza karibu na saa. Sindano ya dira ikageuka kwa fujo. Akaniuliza polepole, hii saa, jana ulipoondoka nayo hapa, uliiweka wapi. Nikasema kwa fahari kwamba mimi saa sizilazi ovyo, ninayo sumaku nzuri ya kutundikia.

 Halafu Jicho Moja akacheka mpaka lenzi ikamdondoka. Leo ndiyo mara ya kwanza nimeona macho yake yote mawili. Akanieleza, akifuta machozi, kwamba sumaku huishika kamani, ile springi nyembamba ya ndani, nyuzi zake zinagandana, na saa inachanganyikiwa inakimbia. Ndiyo maana vifaa vyake vimelala kwenye mbao. Akaipitisha saa kwenye kimashine chake cha kuondoa sumaku, mara moja tu, ikatulia.

Nikageuka nitoke. Mlangoni amesimama mke wangu. Mkononi ana saa yake mwenyewe, ambayo jana aliiacha juu ya meza yangu. Nayo inakimbia. Alikuwa amesikia yote.

Tukashika njia ya nyumbani pamoja. Nilikuwa nimeshaandaa maelezo matatu. Kabla hatujafika nyumbani akasimama, akashika ukuta wa watu, nikadhani amezidiwa. Kumbe anacheka! Akacheka mpaka akachuchumaa. Akasema yeye alitaka mama yake alale, na jana usiku amelala. Akanishika mkono. Tumeoana miaka mingi, na bado mwanamke huyu ananishinda.

Jumapili, 9 Juni

Asubuhi mama aliniita pembeni. Nikajua Jicho Moja kaeneza habari. Mama alikuwa anasita, anakunja ncha ya leso.

Akasema saa ni nzuri, inakwenda sawasawa, anashukuru. Ila tangu jana jioni haimfurahishi. Sasa ni sahihi mno. Usiku ule wa kwanza aliposikia inavyokimbia, alicheka peke yake kitandani, kwa sababu marehemu alikuwa vilevile. Safari zote walifika kabla mlango haujafunguliwa. Harusi yao yenyewe alikuja wakati watu bado wanapanga viti. Akaniuliza, kwa aibu kama msichana, kama nisipoona tabu ninaweza kuirudishia ile haraka.

Kama ninaweza! Nikavaa lenzi. Nikaitundika saa kwenye sumaku kwa uangalifu wa daktari, nikaigeuza upande huu, nikaigeuza upande ule. Mama akasimama nyuma yangu akiwa ameziba mdomo. Nikaisogeza sikioni mwake. Titititititi! Akacheka kwa sauti, mara ya kwanza tangu aje. Mke wangu akaingia jikoni haraka, na sidhani alikuwa anafuata chumvi.

Mama akasema kumbe kweli mkwe wake ni fundi. Nikasema si mimi peke yangu, yupo kijana mmoja pale barabarani ananisaidia kazi ndogondogo.

Tukafika stendi wakati hata mpiga tiketi hajaamka. Mama akaketi juu ya begi lake, saa sikioni, ameridhika kabisa, kana kwamba kuna mtu amemshika mkono anamwambia twende, twende, tutachelewa.

Jumatatu, 10 Juni

Mama amepiga simu. Amefika salama, amelala vizuri. Habari zangu zimezagaa. Majirani zake wote, wajane kwa wenye waume, wamemletea saa zao: zinazochelewa, zilizokufa, moja ya ukutani yenye ndege anayetoka kwa kinyumenyume. Amezijaza kwenye kikapu, anamtuma dereva wa basi aniletee.

Nimemwambia azilete zote, na kama wapo wenye redio, nao wasione haya.

Nilipomweleza mke wangu aliketi chini taratibu. Akauliza kama kuna lolote nililojifunza wiki hii. Swali zuri. Nimelifikiria mchana kutwa, na jibu liko wazi: meza moja haitoshi. Chumba cha wageni sasa ni kitupu, na seremala anakuja kesho asubuhi kupima.