Programu Isiyojua Inaitwa Nani

Ofisi ya Katibu Muhtasi,
Newala.

Kwa Bwana Humphrey, fundi wa programu,
Masasi.

YAH: MTOTO WAKO KUTOJUA JINA LAKE

Shikamoo yako ya kwenye simu niliipokea, marahaba. Sasa nisikilize. Ulitutengenezea programu ya ripoti za wanafunzi, ukaibatiza Tathmini, tukakupigia makofi, ukanywa soda mbili. Leo mimi nina barua ya mkuu wa shule ya kunitaka nijieleze. Mwisho ni Ijumaa. Nikishindwa, naondolewa ofisini napelekwa stoo kulinda madawati mabovu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Chini ya kila ripoti programu hujitaja: "Imetayarishwa na", halafu jina lake. Mwalimu Kasiani, kwa kuogopa isije ikafutwa, akalibadili jina la faili likawa Usifute Ya Kasiani. Basi nayo, bila haya, ikaanza kujiita hivyo hivyo! Ripoti mia tatu zimeshafika kwa wazazi. Mzee Bartholomayo ametoka Mkunya kwa miguu, anamtaka huyo Bi Usifute aliyempa binti yake sifuri ya Hisabati.

2. Tukaihamishia kwenye kompyuta ya mkuu wa shule. Huko ikataja jina pamoja na diski, folda, na folda iliyo ndani ya folda. Jamani! Mtu unamuuliza jina, yeye anakuelekeza njia ya kwao, pita mikorosho kata kushoto?

3. Kwa fundi mmoja wa Ndanda, mwenye kompyuta ya aina nyingine, iliandika "Imetayarishwa na", ikanyamaza. Hapo nilichoka.

4. Nilipokupigia ulinijibu kwa madaha kwamba programu haijui jina lake, huiuliza kompyuta imeitwaje, na kila kompyuta hujibu kivyake. Njia moja ya kufaa kote hakuna. Hongera, msomi! Miaka minne chuoni, umezaa kitu cha kuuliza majirani jina lake. Hata mbuzi wa Brigita, jirani yangu, ukimwita jina la mwenzake hageuki.

5. Mtu mzima ana jina moja popote aendapo. La utoto nililiacha unyagoni, nikatoka na moja, basi. Naomba jina uliandike humo humo ndani ya programu, lisibadilike hata ikipelekwa wapi. Fanya kabla ya Ijumaa, maana anayeumbuka ni mimi, si wewe.

Msalimie mkeo Faudhia na wote hapo nyumbani. Mwambie mihogo yake ilikuwa mitamu kuliko kazi yako.

Mimi niliyeumizwa,
Wilhelmina,
Katibu Muhtasi.

Nyongeza: Ukijibu, usiandike Wilhelmina, hilo ni la kanisani na ofisini tu. Mtaani uliza Mama Sijaona. Makote ukweni ni Mke wa Edson, na shoga zangu hawajui lolote ila lile la unyagoni. Halafu, nimeisoma upya barua ya kujieleza. Mkuu, kwa mazoea, ameiandika kwa Mama Sijaona. Mtumishi wa jina hilo hapa hatuna. Nimemrudishia, juu yake nimeandika: mhusika hajulikani. Kwa hiyo, mwanangu, programu usiiguse, iache ilivyo. Mkuu akiandika nyingine, majina ninayo ya kunifikisha kustaafu.