Petroli Katika Kibuyu cha Asali

Jumatatu, 3 Septemba 1956
Mbumbuni nzima inajua! Nimebadilisha maksai wangu wawili wa kulimia kwa msumeno wa petroli wa yule mzungu wa shamba la mkonge anayehama. Mke wangu Kalondu akauliza mvua ikija tutalima na nini. Nikamwambia mchungaji anataka mbao za paa la kanisa, na atakayeleta boriti ya kwanza iliyonyooka Jumamosi ndiye atakayepewa kazi yote. Maksai watarudi, tena wanne! Mpinzani ni Faki, fundi kutoka Kitui mjini, na msumeno wake wa kuvutwa na watu wawili. Namhurumia.

Jumanne, 4 Septemba
Mzungu alieleza mengi. Changanya oili na petroli, safisha chujio la hewa, acha injini ipoe kabla ya kujaza, chomoa waya wa plagi kabla ya kugusa mnyororo. Nikaitikia ndiyo bwana, ndiyo bwana. Aliyesikiliza ni Kalondu, ameshika kamba za maksai huku analia.
Debe la petroli nimempa yeye la kutekea maji, apunguze kununa. Petroli nimeimimina katika kibuyu cha asali. Hakivuji hata kidogo! Akili ni mali.

Alhamisi, 6 Septemba
Umenguruma! Watu wakapiga makofi. Halafu ukakohoa, ukazima. Kalondu akasema petroli imekwisha, ila ningoje injini ipoe. Kupoa ni kwa uji. Nikajaza.
Moto! Kalondu akauzima kwa mchanga. Msumeno umepona. Nyusi zangu, hapana.
Ng'ambo ya mto Faki na mwenzake wanavuta tu, krr, krr. Wanakwenda kuswali, wanarudi, wanavuta. Inaudhi sana.

Ijumaa, 7 Septemba
Umegoma. Nimeuombea. Nimeupiga teke, kidole kimevimba. Nyuki wakaja kuangalia mali yao.
Kalondu akachomoa waya wa plagi, akafungua kabureta. Asali na nta tupu! Akauliza kama kibuyu nilikiosha. Nikamwambia mwanamume akiwa kazini haulizwi habari za vyombo.

Jumamosi, 8 Septemba
Boriti ya Faki imenyooka kama uzi. Kazi ni yake.
Kalondu ameosha kabureta, amepangusa chujio, amechanganya oili kwa kipimo. Msumeno ukawaka kwa mvuto mmoja! Jioni Faki akaja, akaongea na mke wangu, si mimi. Atautumia msumeno, Kalondu autunze, naye Faki atatulimia shamba kwa maksai wake mvua ikinyesha. Sharti ni moja: mimi nisiuguse. Tutakula mwaka huu, nashukuru. Lakini imeniuma.

Jumapili, 9 Septemba
Ibadani nimekaa nyuma kwa sababu ya nyusi. Hapo ndipo Musyoka wa Matiliku aliponinong'oneza kwamba ana pampu ya maji ya petroli, na anataka mbuzi sita tu. Mbuzi wapo! Ni wa Kalondu, lakini wapo.
Safari hii nimejipanga. Petroli nimeshaiweka katika kibuyu kingine. Hiki hakijawahi kuona asali hata tone. Ni cha maziwa tu.